Bima ya afya ya mwanafunzi wa chuo: ulipe 50,400, utumie kadi ya mzazi, ujiunge na CHF, au ukae bila?

Mwezi wa kumi minada ya korosho inapopamba moto ndipo na vyuo vinapopokea mwaka wa kwanza. Kwa mzazi wa Tandahimba, Nachingwea au Liwale, huo ndio msimu ambao fedha inaingia na kutoka kwa mlango mmoja. Kuna ada, godoro, nauli na kodi ya chumba. Halafu, chini ya orodha ya michango kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga, kuna mstari wa bima ya afya, shilingi 50,400 kwa mwaka. Hapo ndipo kijana anapopiga simu kuuliza kama kuna njia ya kuikwepa au kuipunguza.

Njia zipo, na kwa baadhi ya wanafunzi zinaokoa hela yote hiyo bila hatari yoyote. Kwa wengine kila kinachoonekana nafuu kinageuka ghali siku ya kuumwa. Kwa hiyo naziweka hapa moja kando ya nyingine, nikiwa na mwanafunzi wa Mtwara na Lindi kichwani: anayesoma Stella Maris au TIA pale Mtwara mjini, na yule aliyetoka kwetu kwenda kusoma Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam.

Jambo la kuanzia ni hili. Chuo kinachodai ni mwanafunzi awe na bima inayofanya kazi. Mwenye bima tayari hahitaji kununua nyingine kupitia chuo, na fomu nyingi zinasema hivyo waziwazi, ila maandishi huwa madogo na foleni ya usajili huwa ndefu. Nimeona kijana ambaye mama yake ni mwalimu, kadi anayo mfukoni, analipa 50,400 kwa sababu tu ilikuwa imejumlishwa kwenye michango na hakuna aliyemuuliza. Kuirudisha hela ile baadaye kulimzungusha ofisi baada ya ofisi mpaka akaacha.

50,400 inanunua nini hasa

Hii ni bima ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliotungiwa sheria mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Mwanafunzi anasajiliwa kupitia chuo chake, analipa kwa namba ya malipo, na anapata uanachama wa mwaka. Ukiigawanya kwa miezi 12 ni shilingi 4,200 kwa mwezi. Kwa anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, ambako fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu 2022/23, bima ya mwaka mzima ni sawa na fedha hiyo, yaani bumu, ya siku tano.

Kwa hela hiyo unapata kumwona daktari, vipimo, dawa zilizo kwenye orodha ya Mfuko, kulazwa, na upasuaji ukilazimika. Na unapata kitu ambacho watu hawakithamini mpaka wakihitaji, yaani kutibiwa popote nchini penye mkataba na Mfuko. Ukiugua ukiwa likizo Newala unaingia hospitali ya Newala. Ukiugua ukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo Masasi unatibiwa Masasi. Hali ikizidi, unapanda ngazi kwa rufaa: Ligula ukiwa Mtwara, Sokoine ukiwa Lindi, halafu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, mpaka Muhimbili. Hospitali za dini nazo zina mikataba na Mfuko, na sisi watu wa Kusini tunajua uzito wa hilo, kwa sababu Ndanda na Nyangao zimetutibu tangu enzi za wamisionari Wabenediktini.

Kuna jambo la dawa pia, ambalo nalipa uzito mkubwa kuliko wengi. Mara ngapi umeambiwa dirishani kwamba dawa hii hapa hakuna, kanunue nje? Mwenye NHIF anajaziwa fomu na kwenda nayo kwenye duka la dawa lenye mkataba, anachukua dawa bila kutoa hela. Mwenye CHF, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii inayokatwa kwa kaya, akiambiwa kanunue nje, anatoa mfukoni. Asiye na bima, vivyo hivyo. Hapa ndipo tofauti ya bei inapoanza kujieleza.

Kwa nini bima hii ni rahisi hivyo? Kwa sababu vijana wanaingia kwa mkupuo, wazima na wagonjwa pamoja, na wazima ni wengi. Wachache wanaougua sana wanabebwa na wengi wasioonekana hospitalini mwaka mzima. Mfano wa kinyume upo na uko karibu. Toto Afya Kadi iliuzwa kwa bei hiyo hiyo ya 50,400 kwa mtoto, lakini mzazi alikuwa anamwandikisha mwanawe mmoja mmoja. Wengi waliandikisha watoto ambao tayari wana maradhi, matumizi yakaipita michango kwa mbali, na mwaka 2023 uandikishaji wa mmoja mmoja ukasimamishwa ili watoto waandikishwe kwa makundi kupitia shule. Sasa ukisikia mwanafunzi mzima wa afya analalamika kwamba analipia kitu asichotumia, mwambie kwamba kwa sababu yake na wenzake bei imebaki 50,400. Akitaka bima ya kununua peke yake atakutana na bei nyingine kabisa, nazo nitazigusa chini.

Kadi ya mzazi

Kama mzazi wako ni mtumishi wa umma, mwalimu, nesi, polisi, ofisa kilimo, mhudumu wa halmashauri, basi tayari anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3 nyingine. Uanachama huo unamhusu yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Ukiwa mmoja wa hao wanne, huna sababu ya kulipa 50,400. Kwa bei hakuna kinachoishinda, maana ni bure kwako na huduma ni za Mfuko ule ule.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujashangilia.

La kwanza ni umri. Mtoto anahesabika kuwa tegemezi mpaka miaka 18, na akiwa masomoni mpaka 21. Sasa piga hesabu. Vijana wengi wanamaliza kidato cha sita wakiwa na miaka 19 au 20. Maana yake kadi ya mzazi inaweza kukufaa mwaka wa kwanza tu, tena nusu yake. Aliyezaliwa mwezi wa pili na akaingia chuo mwezi wa kumi akiwa na miaka 20 atafikisha 21 katikati ya mwaka wa masomo, wakati mvua zimekolea na malaria imepanda. Siku hiyo akifika dirishani ataambiwa kadi haisomi. Hili limewakuta wengi, na linauma kwa sababu mtu alikuwa na uhakika kabisa kwamba ana bima. Ushauri wangu uko wazi: kama utatimiza 21 kabla mwaka wa masomo haujaisha, lipa 50,400 mwanzoni pamoja na wenzako, wakati usajili wa chuo uko wazi. Kuingia peke yako katikati ya mwaka kunasumbua kuliko hela yenyewe.

La pili ni nafasi. Wategemezi ni wanne, na wazazi wetu wengi wameandikisha bibi na babu, na wamefanya vizuri. Usidhani umo kwa sababu tu wewe ni mtoto wa kuzaa. Muulize baba au mama kwa heshima, au mwombe akuangalizie ofisi ya NHIF ya mkoa kama jina lako limo na linafanya kazi. Kadi ya zamani ya plastiki iliyo kwenye droo haithibitishi lolote. Kinachothibitisha ni mfumo wao.

Wanafunzi wawili wengine wanaingia kwenye kundi hili na mara nyingi wanasahaulika. Mmoja ni mwalimu au nesi aliyeajiriwa anayejiendeleza, kwa mfano kupitia Chuo Kikuu Huria. Huyu ni mwanachama kwa mshahara wake mwenyewe. Mwingine ni mwanafunzi aliyeolewa au aliyeoa mtumishi wa umma. Huyu anaingia kama mwenza, na mwenza hana ukomo wa miaka 21. Wote wawili wapeleke nakala ya kadi kwa mlezi wa wanafunzi kabla ya kulipa chochote.

CHF iliyoboreshwa

Hapa ndipo mjadala mkubwa ulipo, kwa sababu namba zake zinavutia. Kaya ya watu mpaka sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Ukigawanya ni 5,000 kwa kichwa. Mzazi mwenye watoto watatu chuoni anaona 151,200 upande mmoja na 30,000 upande wa pili, na anauliza kwa haki kabisa kwa nini asichukue ya 30,000 imalize kila kitu.

CHF si mpango wa hovyo, na wanaoidharau wengi hawajaishi kijijini. Ile ya zamani ilikufunga kwenye zahanati ya kwenu. Hii iliyoboreshwa, iliyokuja mwaka 2018, inakuanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata ngazi. Kwa mama aliyebaki Kitangari na wajukuu watatu, 30,000 hiyo ni fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingi anazotoa kwa mwaka.

Kwa mwanafunzi, mambo ni tofauti, kwa sababu tatu ninazoziona.

Ngazi yake ya juu ni hospitali ya mkoa. Maradhi ya kawaida yanaishia hapo au chini yake, sawa. Lakini bima mtu anaikata kwa ajili ya ile siku isiyo ya kawaida: ajali ya bodaboda, upasuaji mgumu, figo. Rufaa ikiandikwa kwenda hospitali ya kanda au Muhimbili, kadi ya CHF imefika mwisho wa safari na familia inaanza kuuza korosho zilizo ghalani.

Pili, imejengwa juu ya kaya inayoishi pamoja na inayofuata zahanati yake kwenda juu. Mwanafunzi ni mtu wa kuhama: chumba cha kupanga, likizo, mafunzo kwa vitendo, mkoa mwingine. Anayesoma Morogoro na kaya yake imeandikishwa Ruangwa asisubiri kuugua ndipo ajue kama atapokelewa. Amuulize ofisa mwandikishaji kabla ya kutoa hela, na apate jina la kituo atakachoanzia huko aendako.

Tatu ni chuo chenyewe. Wapo wahasibu watakaoipokea CHF kama bima halali na wapo watakaoikataa. Hilo linaamuliwa na chuo, na jibu la mwenzako wa chuo cha jirani halikusaidii. Uliza kwa maandishi au kwa ana kwa ana, kabla ya wiki ya usajili.

Na kuna la nne linalogusa wote. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha mpangilio wa bima nchini, ikiwemo hii ya kaya. Kwa hiyo ukienda kukata au kuhuisha CHF sasa, uliza swali moja la nyongeza: kadi hii itahudumiwa kwa miezi 12 yote kama ilivyo, au itahamishiwa kwenye mpango mpya, na kwa kiasi gani?

Kama unataka nichague, nasema hivi: CHF ibaki nyumbani na wazazi na wadogo, mwanafunzi awe na ya chuo. Jumla ni 80,400 kwa familia yenye mwanafunzi mmoja, na hakuna aliyeachwa nje.

Bima za kampuni na vifurushi vya mtu binafsi

Sitakaa sana hapa. Kama mzazi ameajiriwa na kampuni, kiwanda cha saruji au kampuni ya gesi, na kampuni inamlipia bima binafsi inayojumuisha watoto, itumie. Omba barua ya uthibitisho yenye jina lako na tarehe ya mwisho wa bima, kwa sababu chuo kitaidai. Halafu omba orodha ya vituo vyao vya Mtwara na Lindi. Bima inaweza kuwa ya kifahari na bado ikawa na vituo vingi Dar es Salaam na vichache sana huku, na usiku wa homa kali kituo kilicho kilomita mia tano na zaidi hakikusaidii.

Kununua mwenyewe ni habari nyingine. NHIF ilipozindua vifurushi vya mtu binafsi mwishoni mwa 2019, vile vya Najali, Wekeza na Timiza, cha bei ya chini kabisa kwa kijana wa peke yake kilikuwa 192,000 kwa mwaka. Hiyo ni karibu mara nne ya bei ya mwanafunzi. Vilivyofuata, Ngorongoro Afya na Serengeti Afya, navyo si vya mfuko wa mwanafunzi. Ukikuta mtu anakuuzia bima ya binafsi kwa maneno kwamba ni mbadala nafuu wa ile ya chuo, mwombe akuandikie bei ya mwaka, ukomo wa kulazwa na orodha ya vituo kwenye karatasi moja. Mazungumzo mengi yanaishia hapo.

Kukaa bila, au kuweka akiba

Wapo wanaosema: mimi siumwi, hiyo 50,400 nitaiweka, nikiumwa nitalipa taslimu. Na wapo wanaojipanga kwa vikundi, chama cha wanafunzi wanaotoka wilaya moja kikichangishana mwenzao akilazwa. Naviheshimu vikundi hivi. Nimeona vikimpelekea mgonjwa uji asubuhi na vikimlipia bajaji ya kurudi chumbani, na bima haifanyi hayo. Upasuaji unaofika laki kadhaa hauwezi kusubiri wenzako wamalize kuchangishana kwenye grupu.

Akiba nayo ina tatizo la hesabu. Ukiweka 4,200 kila mwezi, ukiumwa mwezi wa pili una 8,400. Bima ya 4,200 kwa mwezi, mwezi wa pili ina uwezo ule ule iliokuwa nao mwezi wa kumi na mbili.

Na Kusini si mahali pa kucheza na hilo. Katika utafiti wa taifa wa 2022 Mtwara ilikuwa kati ya mikoa inayoongoza kwa maambukizi ya malaria kwa watoto chini ya miaka mitano, karibu asilimia 20, ikiwa nyuma ya Tabora. Mwanafunzi aliyekulia hapa mwili wake umeshakutana na malaria mara nyingi. Aliyetoka Njombe, Makete au Rombo hajazoea, na ikimshika inamshika kweli. Kwa kijana wa nyanda za baridi anayekuja kusoma Mtwara sioni nafasi ya kujadili. Alipe bima, na anunue chandarua siku ile ile anayonunua godoro.

Haki itendeke: kukaa bila bima hakumaanishi kwamba kila huduma inalipiwa. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni bure, matibabu ya kifua kikuu ni bure, uzazi wa mpango ni bure katika vituo vya serikali. Mwanafunzi asiache tiba hizo kwa kisingizio cha kadi. Na aliye katika hali ngumu kweli, yatima au mtoto wa kaya maskini, aanzie serikali ya kijiji au mtaa apate barua, aende nayo ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuomba msamaha wa gharama. Barua hiyo itafutwe ukiwa mzima. Kuifuatilia kijijini Chiungutwa ukiwa umelala wodini Ligula ni mateso kwa ndugu zako.

Tuziweke kwenye nyumba halisi

Chukua mama mwalimu wa shule ya msingi Masasi. Ana watoto wanne, mkubwa ana miaka 19 anaingia TIA. Baba ni mkulima, ameshaingia kama mwenza. Mtoto huyu atumie kadi ya mama mwaka wa kwanza, na kama tarehe ya kuzaliwa inaruhusu, wa pili. 50,400 ya mwaka huo mama anunue kitu kingine. Mwaka atakaotimiza 21, ahamie ya chuo bila kungoja kadi igome.

Nyumba ya pili ni mkulima wa Tandahimba. Hana mwajiri, ana watoto wawili chuoni, mmoja Mtwara na mmoja Dodoma, na wadogo watatu nyumbani. Hapa hakuna kadi ya kurithi. Wawili wa chuo 100,800, nyumbani CHF 30,000, jumla 130,800. Ni fedha nyingi na sitajifanya ni ndogo. Lakini wakati wa malipo upo upande wake: malipo ya korosho yanaingia kwenye akaunti kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili. Mkulima wa Lindi mwenye ufuta ana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu ufuta unauzwa katikati ya mwaka na fedha ya bima inaweza kutengwa mapema kabla ada haijaanza kuita. Mzee wangu mmoja wa Nangaru aliwahi kuniambia yeye fedha ya bima anaitoa siku ile ile anayokwenda benki, kabla haijafika nyumbani, kwa sababu ikifika nyumbani inapata wenyewe wengine.

Familia hii ikikosa kabisa na ikabidi kuchagua, ningeanza na yule wa Dodoma. Wa Mtwara akiugua, nyumbani ni safari ya saa chache na CHF ya kaya inaweza kumwanzia karibu. Wa Dodoma hana mtu.

Nyumba ya tatu ni ya kijana anayejisomesha. Anauza vocha na chipsi jioni pale Mtwara mjini, hana mzazi wa kumtegemea, na mkopo wa Bodi umechelewa. Yeye ndiye anayeshawishika zaidi kukaa bila. Na yeye ndiye asiyeweza kabisa kukaa bila, kwa sababu akilala wodini wiki moja, biashara imelala na ada imelala. Aende kwa mlezi wa wanafunzi mapema aombe kulipa bima kwanza na michango mingine baadaye. Vyuo vingi husikiliza ombi la namna hiyo likiletwa kabla ya tarehe ya mwisho na likiwa na maelezo.

Siku ya kulipa na baada yake

Namba ya malipo ipate kutoka ofisi ya chuo au kwenye mfumo wenyewe, usiipokee kutoka kwa mtu kwenye grupu anayesema atakusaidia kulipia. Kabla ya kuthibitisha kwenye simu, angalia jina la mpokeaji na kiasi. Tunza risiti na picha yake, moja kwenye simu na moja kwenye barua pepe.

Kulipa peke yake hakukupi huduma. Chuo kinapeleka majina, Mfuko unayaingiza, na katikati hapo ndipo uanachama wa watu unapokwama kwa wiki nyingi. Jina lililokosewa herufi moja linatosha. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ikikosewa, au jina la fomu likitofautiana na la kitambulisho cha taifa, unasubiri wakati wenzako wanatibiwa. Kwa hiyo wiki mbili baada ya kulipa, hata kama huumwi, pita dirisha la bima la hospitali iliyo karibu nawe, mwambie mhudumu: dada, naomba uniangalizie kama kadi yangu inasoma. Ni kazi ya dakika moja kwake. Ikikataa, unarudi chuoni ukiwa mzima na una nguvu ya kusimama kwenye foleni. Waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi yupo kwa ajili ya jambo hili hasa. Mpelekee orodha ya wote waliokwama, kwa sababu orodha ya watu ishirini inasikilizwa haraka kuliko mtu mmoja mwenye risiti.

Mkiwa mwaka wa mwisho, angalieni tarehe ya mwisho ya uanachama wenu badala ya tarehe ya mahafali. Baada ya hapo bei ya mwanafunzi haipo tena, na mpaka upate ajira au uingie mpango mwingine utakuwa mtu wa kulipa taslimu. Jino linalokusumbua tangu mwaka wa pili, macho yanayouma ukisoma usiku, kipimo ambacho daktari alikuandikia ukakiahirisha kwa ajili ya mitihani, vyote vipelekwe hospitali kabla ya tarehe hiyo.